Jibu: Skani iko safi lakini kichwa bado kinauma, arudi kucheza ama asirudi?

Boss, nianze na ile ya muhimu: Jumamosi huyo ndugu yako asicheze. Umesema aligongwa kichwa kwa mechi ya shule, hakuzimia, kasualti wakampiga skani ya CT ikatoka safi, sa hii wiki ya pili inaisha na bado akisoma kidogo tu kichwa kinaanza kugonga, taa za darasani zinamsumbua macho, halafu kocha anasema ati skani imesema yuko fiti. Skani haijasema hivyo. Skani inatafuta damu na mfupa uliovunjika basi. Konkasheni, yaani ubongo kutikiswa na pigo, haionekani huko kwa sababu ni vile seli za ubongo zinafanya kazi ndio zimevurugika, hakuna kitu cha kupigwa picha, na ndio maana inapimwa kwa vile mtu anaongea, anatembea, anakumbuka na vile mwenyewe anajiskia.

Mimi si daktari, nimebeba tu begi la huduma ya kwanza la timu ya raga hapa Nairobi misimu kadhaa, lakini vichwa nimeona. Na hiyo ya "si hakuzimia" ndio inadanganya watu kabisa, kwa sababu wengi wanaopata konkasheni hawazimii. Kulikuwa na flanka wetu mmoja, mechi kule Ngong Road, alikula goti upande wa kichwa, akaamka mwenyewe, akajipanguza matope, akaenda kusimama kwa laini ya wapinzani. Watu wakacheka. Nikaingia nikamuuliza tuko uwanja gani, hii ni hafu gani, nani amefunga mwisho, wiki iliyopita tulicheza na nani na tulishinda ama tulipoteza. Hayo ndio maswali ya Maddocks, yanatumika dunia nzima. Uwanja alijua. Nani amefunga mwisho? "Si ni sisi!" na tulikuwa tumetoka kufungwa trai hapo hapo. Nikamwambia anitajie miezi kurudi nyuma kutoka Desemba, akafika Septemba akarudi Oktoba. Basi, nje. Akawaka hasira, akanitukana, na hasira za ghafla hivyo pia ni dalili, kisha akakaa benchi akiniuliza matokeo, namwambia, baada ya muda mfupi ananiuliza tena hilo hilo. Na hata angejibu yote sawa, ukishuku tu unamtoa, na siku hiyo harudi, mambo ya kumwagiwa maji kichwani arudi ndani tuachane nayo.

Konkasheni yenyewe wengi wanapona, kinachoua ni damu inayojificha nyuma yake. Kuna mshipa unapita ndani ya mfupa wa hapo kando juu ya sikio, ukipasuka mtu anaweza kuongea vizuri masaa kadhaa, hata akaomba chai, halafu anazima ghafla. Kwa hivyo maumivu yakizidi badala ya kupungua, akitapika tena na tena, akipata kifafa, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko ingine, mkono ama mguu ukilegea, maneno yakianza kuburutika, maji maji yakitoka puani ama masikioni, ama amelala na kumwamsha ni shida, hiyo ni hospitali usiku huo huo, usingoje kupambazuke. Na kama shingo inauma hapo uwanjani msimwinue, na tafadhali msimpakie boda katikati ya watu wawili, ngojeni ambulensi.

Hiyo imani ya kumkataza mtu kulala usiku mzima haina maana, alale, muhimu asilale peke yake na kuwe na mtu wa kumchungulia. Panadol sawa. Brufen na aspirini weka kando siku mbili za kwanza kwa sababu ya damu, na pombe pia.

Hapa niseme kidogo kuhusu wazee ingawa hukuuliza. Kuna mzee wa kwetu anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aliteleza bafuni, akaamka, akaendelea na maisha. Wiki kadhaa baadaye akaanza kuburuta mguu na kuchanganya majina ya wajukuu. Majirani wakasema ni uzee, mkewe akakataa katakata akampeleka, ikapatikana damu imekusanyika polepole kichwani. Ilitolewa. Mzee yuko.

Turudi kwa kijana. Kufungiwa kwa chumba cha giza wiki mbili si matibabu, mapumziko ya kweli ni siku moja mbili hivi, simu ikipunguzwa, baada ya hapo atembee mdogo mdogo. Kipimo ni hiki: maumivu ya kichwa ayape alama kutoka sifuri hadi kumi, yakipanda kwa zaidi ya alama mbili, ama yakipanda kidogo na yasitulie ndani ya saa moja, amezidisha, apunguze kesho. Aandike hizo alama kila jioni. Masomo yatangulie mpira, muombe mwalimu ampe mapumziko katikati ya vipindi. Na kama anapanda zile nganya, matatu za Rongai zenye spika chini ya kiti na taa za disko, mtafutieni gari lingine mwezi huu, hiyo ni adhabu hata kwa mzima.

Kucheza kunakuja mwisho, hatua kwa hatua: kukimbia kidogo, mazoezi ya mpira, na kugongana ni baada ya dalili zote kuisha na daktari kukubali. Uingereza walitoa mwongozo 2023 kwa michezo ya kawaida, hakuna mechi kabla ya siku 21, na hiyo ni ya chini kabisa. Sababu ni kwamba ubongo ukigongwa tena kabla haujapona unaweza kuvimba ghafla. Ni nadra, lakini 2011 kijana wa miaka 14 alikufa Ireland Kaskazini baada ya kugongwa zaidi ya mara moja kwa mechi moja ya shule na kuachwa aendelee.

Vijana wa umri wake wanaweza kuchukua hadi wiki 4, kwa hivyo wiki ya pili bado si ya kuogopa. Ikipita hapo umrudishe hospitali na hiyo karatasi ya alama, na uombe shingo na masikio ya ndani yapimwe, maana kizunguzungu na maumivu mengi yanayokwama hutoka huko na fiziotherapi inasaidia. Kocha naye mwambie aandike kwa karatasi kwamba yeye ndiye amemruhusu, aweke sahihi. Utaona vile atapata mchezaji mwingine haraka.