Redio mpya inawaka, spika kimya
Kaka wa Ujiji, umesema redio mpya inawaka taa zote ila spika zilizokuja na gari hazitoi hata mkoromo. Usinunue spika nyingine. Gari lina amplifaya (kikuza sauti) yake ya kiwandani, na hakuna anayeiamsha. Nyuma ya redio kuna waya wa bluu wenye mstari mweupe. Uunge na ule wa gari unaowasha amplifaya. Wa bluu mtupu ni wa antena. Mafundi wengi huunga huo kimakosa: stesheni za FM zinaimba, ukihamia fleshi sauti inakata.

Pima ule wenye mstari kwa mita: redio ikiwaka uone kama volti 12, ikizimwa sifuri. Waya wa kuamsha amplifaya usiuunge kwenye umeme wa betri moja kwa moja, la sivyo amplifaya haitalala na asubuhi utaomba vijana wa Mwanga wakusukume.

Sauti ikija inakwaruza, peleka sauti kwenye amplifaya kwa matundu ya RCA (yale ya duara nyuma ya redio), siyo kwa waya za spika. Gari langu mimi lilikuwa linavuma kila nikikanyaga mafuta. Kumbe waya mweusi, ule wa ethi, ulifungwa kwenye bati lenye rangi. Nilikwangua, likanyamaza.

Redio ya Kijapani uliyotoa usiisikitikie, nyingi za aina hiyo masafa yake ya FM yaliishia MHz 90, stesheni za juu ya hapo hazishiki.