Usihesabu michakato, tafuta kinachobanwa

Mkuu mleta mada, nimekuelewa hivi: laptopu yako ni ya Windows 10, RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 4, diski ni ile ya zamani ya kuzunguka. Ukifungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha vinavyoendeshwa, unaona michakato (processes) zaidi ya 150, svchost.exe imejaa kuanzia juu hadi chini, diski imeng'ang'ania asilimia 100, nawe unaomba orodha ya michakato ya kuua ili mashine ipumue. Orodha umeshapewa hapo juu na wenzangu. Nakuomba usiifuate kwanza. Nimetengeneza kompyuta za nyumbani za ndugu na majirani kwa miaka mingi, na nyingi kati ya zile zilizonisumbua kweli zilikuwa zimepitiwa na orodha za namna hiyo: printa haionekani, sauti hakuna, Wi-Fi imegoma, na mwenyewe hakumbuki alizima nini.

Tuanze na svchost, maana ndiyo iliyokutisha. Kazi yake ni kubeba huduma za Windows ambazo haziwezi kujiendesha zenyewe. Zamani huduma nyingi zilirundikwa ndani ya svchost moja, ikianguka moja zinaanguka zote. Kuanzia toleo la 1703 la Windows 10, lililotoka 2017, mashine yenye RAM zaidi ya GB 3.5 huzitenganisha huduma nyingi, kila moja na svchost yake. Kwa hiyo wingi huo ni mpangilio tu, na una faida: unaona ni huduma gani hasa inayokula rasilimali. Cha kukagua ni mahali inapokaa. Bofya kulia, chagua Open file location. Ya kweli iko C:\Windows\System32 au SysWOW64. Ikikupeleka kwenye AppData au Downloads, au jina limeandikwa kwa tarakimu 0 badala ya herufi o, chomoa intaneti na ufanye skani kamili.

Sasa hiyo asilimia 100 ya diski, na hapa naomba usome taratibu. Watu wengi wakiiona wanakimbilia kuzima SysMain, huduma inayotanguliza programu kwenye RAM, na ile huduma ya kutafuta mafaili, Windows Search. Wakati mwingine inasaidia kidogo. Lakini kwenye mashine ya GB 4 mara nyingi diski inateseka kwa sababu ya RAM. RAM ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya vilivyomo kwenye faili moja la diski linaloitwa pagefile.sys, kisha huvirudisha vikihitajika. Diski ya kuzunguka haina mbio za kazi hiyo, kwa hiyo kila ukibadilisha dirisha unasubiri.

Utajuaje kama ndicho kinachokupata? Andika resmon kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua Resource Monitor, nenda ukurasa wa Disk, kisha panga mafaili kwa wingi wa kusoma na kuandika. Ukiona C:\pagefile.sys ipo juu na haishuki, jibu umelipata. Halafu rudi Task Manager, Performance, Memory, usome namba iliyoandikwa Committed. Ina pande mbili: kushoto ni kumbukumbu ambayo programu zimeahidiwa, kulia ni kikomo chake. Ya kushoto ikikaribia ya kulia, hakuna huduma ya Windows utakayoizima ikakuokoa. Hapo ni kupunguza programu zinazofunguka pamoja, na mara nyingi mshukiwa wa kwanza ni kivinjari. Chrome hutenga kurasa na viongezi katika michakato mbalimbali kwa makusudi, ili ukurasa mmoja ukikwama usiiangushe yote. Ukiwa ndani yake bonyeza Shift na Esc: utaona ukurasa upi au kiongezi kipi kinakula RAM. Pia ina mpangilio wa kuendelea kufanya kazi hata ukishaifunga, uzime.

Kuhusu kuua michakato kwa End task: unaua kinachoonekana, kilichokiwasha kipo palepale. Huduma nyingi zimepangwa kujifufua, na programu za kawaida zitarudi ukiwasha tena. Swali la maana ni nani anaiwasha. Anza na ukurasa wa Startup humo humo Task Manager, uzime vya kuchati, vya michezo na vya kampuni ya printa ambavyo huvihitaji kila asubuhi. Usipokiona huko, angalia Task Scheduler, kipanga ratiba cha Windows, kwa sababu programu nyingi za kujisasisha hujificha pale. Ukitaka kuona kila kitu mahali pamoja, pakua Autoruns kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe. Ni bure, imetoka Sysinternals, watengenezaji wa zana za Windows akina Mark Russinovich, ambayo Microsoft waliinunua 2006. Toa alama ya tiki tu, usifute. Kitu kikigoma unairudisha.

Kuna mambo mawili yanayowapata sana watu wa huku kwetu. La kwanza, Windows imepanga matengenezo yake saa 8 usiku. Wengi wetu saa hizo tumeshazima na kuchomoa kabisa, kwa hiyo yanasubiri mpaka mchana uiache mashine bila kuigusa. Ukirudi unakuta feni inalia; ukishika kipanya inatulia. Huo si ugonjwa. Iache siku moja iwake bila kazi hadi imalize. La pili, Shut down ya siku hizi haizimi kila kitu: kama Fast Startup imewashwa, kiini cha Windows huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kilivyo. Tazama Up time kwenye ukurasa wa CPU, unaweza kukuta siku kadhaa ilhali unazima kila usiku. Chagua Restart, ndiyo inayoanza upya.

Na bando. Kama unatumia intaneti ya simu, ingia kwenye mipangilio ya mtandao uweke alama ya metered connection (yaani intaneti ya kipimo), Windows itazuia sehemu kubwa ya masasisho. Kisha ndani ya Windows Update tafuta Delivery Optimization uzime, maana inaweza kutoa data kwenye mashine yako kuwapelekea wengine. Ila usisahau kusasisha ukipata Wi-Fi ya maana.

Usiguse csrss, wininit, lsass na smss, michakato ya msingi ya Windows. Ukilazimisha kuziua, mashine inaanguka. MsMpEng ni antivirusi ya Defender, nayo ikipanda sana ujue inaskani, isubiri. System Idle Process ikisoma 95 usiogope, hiyo ni prosesa isiyo na kazi.

Ushauri wangu kwa hela yako: kama ni kununua kitu kimoja, nunua SSD (diski ya kasi isiyozunguka), na ukibakiwa na chochote ongeza RAM ifike GB 8. Kabla ya hapo fanya Restart, tumia mashine nusu saa kama kawaida yako, kisha tupia hapa picha ya ukurasa wa Memory na ile ya Disk ya resmon. Nitazipitia jioni.