Ukitoka Chogo, chuo chetu cha zimamoto, ukapangiwa Mtwara

Ukishatua begi lako kituoni, mdogo wangu, usikimbilie kuuliza gari linabeba lita ngapi. Uliza kwanza nani anamwamuru nani, na kipi si chetu. Mimi sikuuliza.

Wageni wengi hudhani sisi ni watu wa manispaa. Zamani zimamoto ilikuwa ya halmashauri kweli, lakini sheria ya mwaka 2007 ikatufanya jeshi moja la nchi nzima, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Juu kabisa yuko Kamishna Jenerali, hapa yuko Kamanda wa Mkoa. Mkurugenzi wa halmashauri mpe heshima yake, mtafanya naye kazi nyingi, ila hakupangii zamu.

Ambulensi nazo si zetu. Hapo ndipo nilipojikwaa. Marekani kaunti nyingi zina idara moja ya moto na dharura za tiba, na huyo huyo anayeshika mpira wa maji aweza kukutundikia dripu. Huku ambulensi ni ya hospitali au kituo cha afya. Mjamzito wa dharura ana M-Mama, mfumo wa kumsafirisha hadi hospitali, namba 115. Sisi ni 114, polisi 112.

Mwaka wangu wa kwanza tuliitwa kwenye ajali ya lori, upande wa Mikindani. Dereva kabanwa miguu. Tukakata bodi, tukamtoa, tukamlaza kwenye turubai, kisha tukabaki tunatazamana. Mimi nilijua aliyepokea simu kaita ambulensi. Yeye alijua tumeita sisi. Yule bwana akaenda hospitali kwa pikapu ya muuza samaki, juu ya matenga. Tangu siku hiyo namba za mapokezi ya dharura nimeziandika kwenye daftari, maana simu huzima chaji.

Kituoni kuna wa operesheni na wa ukaguzi. Vijana huwadharau wa ukaguzi, eti ni watu wa risiti na vyeti. Subiri msimu wa korosho, Oktoba maghala yakijaa. Gunia la korosho likishika moto huweza kufukuta ndani kwa ndani. Juu umemwaga maji, umeridhika, chini kunaiva. Tena ganda lake lina mafuta yanayochoma ngozi, na moshi wake si wa kuusogelea bila kifaa cha kupumulia. Sasa nani anajua ghala lipi lina mlango mmoja, lipi limepanga magunia hadi kwenye nyaya, na maji ya karibu yako wapi? Mkaguzi. Omba ufuatane naye, hata siku yako ya mapumziko.

Vyeo utavizoea, konstebo ni konstebo. Wilaya usizichukulie rahisi: Masasi ni takribani kilomita 200 kutoka hapa. Simu ya huko ikikuingilia kwa makosa, usikate. Chukua jina la kijiji na namba ya mpigaji, ndipo uwapigie wenzetu wa kule.