Usisubiri Januari kumtafutia mwanao nafasi ya kitengo

Mwanangu alipotimiza miaka saba nilimshonea sare, na Januari shule zilipofunguliwa nikamshika mkono mpaka shule ya msingi ya jirani, hapa Morogoro. Ana ulemavu wa akili. Maneno yake ni machache, na kwenda chooni mpaka akumbushwe. Mwalimu mkuu alitupokea vizuri, ila shule haikuwa na kitengo cha elimu maalumu, yaani darasa la watoto wenye ulemavu ndani ya shule ya kawaida. Tukaelekezwa nyingine, safari ya bajaji mbili. Huko kitengo kipo: chumba kimoja, walimu wawili, watoto wa kata kadhaa. Mwalimu akaniambia, "Mama, huyu nitamkalisha wapi? Mwaka jana hakuna aliyetuambia kama yupo."

Nililia njia nzima. Lakini kauli ile haikunitoka kichwani, kwa sababu ilikuwa kweli. Halmashauri huandaa bajeti miezi mingi kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Maombi hutoka mtaani, hupita Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo yafike kwa madiwani. Mtoto anayeonekana kwa mara ya kwanza Januari, mlangoni mwa darasa, hana dawati lililotengwa kwa ajili yake wala mwalimu aliyeombwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya kusoma, lakini nafasi yenyewe hupatikana pale jina lake linapokuwa kwenye hesabu.

Basi kama una mtoto wa miaka mitatu au minne na unaona hakui kama wenzake, nenda sasa hivi. Mpeleke hospitali apimwe, utunze karatasi zote. Kisha mwone Afisa Elimu Kata, mwachie jina la mtoto, umri, tatizo lake na umbali kutoka nyumbani hadi shule. Usimwambie mdomoni tu. Andika, ubaki na nakala.

Sisi wazazi wachache tuliomba ruhusa kwa mtendaji wa mtaa tukapita nyumba kwa nyumba. Katika mitaa mitatu tulipata watoto kumi na mmoja. Nyumba moja tuliambiwa hakuna mtoto wa hivyo, na huku tunamsikia chumba cha ndani akigonga ukuta. Hatukubishana na mama yule. Nilirudi peke yangu mara ya pili, na mara ya tatu nikaenda na mwanangu. Mama yule akafungua mlango wa ndani mwenyewe. Binti alikuwa na miaka kumi na mbili.

Orodha ya watoto hao iliandikwa kwa makundi, na hapa naomba mnisikilize. "Watoto kumi na mmoja wenye ulemavu" ni hesabu isiyomsaidia mpangaji. Kiziwi anahitaji mwalimu anayejua lugha ya alama. Asiyeona anahitaji maandishi ya nukta nundu. Mwanangu anahitaji mtu wa kumfundisha kufunga vifungo vya shati kabla ya herufi. Kuwarundika chumba kimoja ni kuwapotezea miaka wote. Walimu waliosomea kazi hii, kama wanaotoka Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha, hawatoshi, kwa hiyo kila anayeombwa aombwe kwa sababu inayoeleweka.

Wapo wanaotaka kila shule iwe na kitengo. Mimi ningependelea kimoja kwa kata, chenye walimu wawili na choo cha karibu, kuliko vitano vya jina tu. Choo msikisahau kabisa. Tulipoonyeshwa chumba cha kwanza cha kitengo chetu, kilikuwa mwisho wa uwanja, choo upande wa pili. Tukakikataa, tukapewa kilichokuwa stoo ya vitabu. Hakikujengwa kitu kipya: chumba kilipakwa rangi, mlango ukapanuliwa, mwalimu mmoja akahamishiwa kwetu. Ilichukua mwaka na nusu.

Kitengo kikishafunguliwa, kamati ya shule iulize kila muhula: mwalimu wetu yuko darasani, au amepelekwa kufundisha la saba kwa sababu mitihani imekaribia? Kwetu ilitokea mara mbili, na watoto wakarudishwa nyumbani.

Mwanangu sasa anaenda shule kwa miguu, na vifungo anafunga vyote isipokuwa cha juu. Mwaka huu tunaanza kupita nyumba kwa nyumba mapema, tukianzia kliniki ya watoto, na mama yule wa mlango wa ndani ndiye ameshika daftari.