Kadi ya sauti inakwaruza? Hamisha sloti kabla ya kupiga Windows upya

Mkuu wa Nachingwea, umesema kompyuta yako ya Pentium 4 inakwaruza sauti na kuganda tangu uchomeke kadi ya sauti na ya mtandao. Usipige Windows kwanza. Hilo limenikuta.

Msimu mmoja wa korosho hapa Mtwara nilikuwa natunza kompyuta ya studio ndogo ya kurekodia, mitaa ya Chikongola. Msimu huo hela ipo, kila kijana anataka wimbo. Anaimba vizuri, tukirudia kusikiliza tunakuta "krr" katikati ya mstari. Tukabadilisha maiki, tukabadilisha nyaya, tukalaumu umeme (nao haukosi lawama). Kumbe kukwaruza kunakuja pale tu jamaa wa chumba cha pili anapovuta mafaili kupitia mtandao. Akivuta, krr. Akiacha, kimya.

Kifaa kikitaka kuhudumiwa na prosesa kinabisha hodi kwa IRQ, yaani laini yenye namba ya kuombea huduma. Kwa mpangilio wa zamani zipo 16 tu, 0 hadi 15, na nyingi zina wenyewe: 1 ya kibodi, 6 ya flopi, 12 ya mausi, 14 na 15 za diski. Kadi za ISA (sloti za kizamani) kwa kawaida hazikubali kushea kabisa. Za PCI (sloti zilizokuja baada ya ISA) zinashea, ila draiva moja (programu inayoendesha kadi) ikichelewa kumaliza kazi yake mwenzake anasubiri mlangoni, na sauti haina subira.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo nilipopoteza siku mbili. PCI ina nyaya nne tu za kubishia hodi, A hadi D, na mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) inazigawa kwa sloti. Kwa hiyo namba inafuata zaidi sloti kuliko kadi. Ndiyo maana kuhangaika na namba ndani ya Windows hakukunisaidia kitu.

Washa mashine, na jedwali la vifaa likitokea kabla ya Windows bonyeza Pause. Letu lilionyesha sauti, mtandao na USB zote kwenye IRQ 11. Kadi ya sauti ilikuwa sloti iliyogusana na AGP (sloti ya kadi ya picha), na sloti hiyo mara nyingi inashea laini na kadi ya picha. Nikachomoa waya wa umeme, nikaipeleka sloti ya tatu. Kwenye baiosi (mipangilio ya mashine kabla ya Windows) nikazima COM2, mlango wa serial wa zamani, ikaachia IRQ 3. LPT, mlango wa printa, niliiacha, printa ya zamani bado inatumika. Sauti ikakaa IRQ 5 peke yake. Krr ikaisha.

Ukiwa umeitoa kadi, futa meno yake kwa ufutio. Kwetu huku upepo wa bahari unayala.

Kama baiosi yako ina APIC (mgawaji mpya zaidi wa IRQ), iwashe kabla ya kupiga Windows, siyo baada. Inaongeza laini hadi 24. Mashine mpya za PCI Express hazina shida hii sana, maana zinaweza kutuma ujumbe badala ya kutumia waya.

Ukihamisha na bado inaganda, piga picha lile jedwali uliweke hapa pamoja na jina la mazabodi.