Shika miguu ya nyuma kwanza

Wiki hii nimepitia fomu tatu za mapokezi ya mbwa hapa kwenye makao yetu. Zote tatu zimeandikwa "Pirenei", yaani yule mbwa mkubwa mweupe wa kulinda mifugo. Nimeingia mabandani, nimewashika mbwa wote watatu, na Pirenei ni mmoja tu. Wa pili ni Maremma, mlinzi wa mifugo wa Italia, wa tatu ana damu ya Akbash, mlinzi wa Uturuki, ambayo hata mkia wake unaitangaza. Wadogo zangu, nawapenda. Mnasafisha mabanda vizuri kuliko kundi lolote lililopita hapa, na mbwa wanawaamini mapema. Lakini hili la kumtazama mbwa kutoka mlangoni kisha kumpa jina haliwezi kuendelea.

1. Weupe hautofautishi kitu. Wachungaji kuanzia Hispania hadi Uturuki walipenda mbwa weupe ili gizani wasimchanganye na mbwa mwitu aliyevamia kundi. Kwa hiyo weupe ni sare ya kazi. Ukiniandikia "mkubwa, mweupe, mtulivu", umenitajia walinzi wa mifugo wa nusu ya milima ya Ulaya.

2. Anza na miguu ya nyuma. Pirenei ana vidole viwili vya pembeni kwenye kila mguu wa nyuma, upande wa ndani, juu ya wayo. Kuvasz wa Hungaria hatakiwi kuwa navyo. Manyoya huvifunika kabisa, kwa hiyo huvioni kwa macho, unavipapasa.

Hapa naomba mnivumilie, maana hili bado linaniuma.

Nikiwa mwaka wa pili kazini, aliletwa dume usiku wa mvua. Hana mkanda, hana chipu ya utambulisho chini ya ngozi, tope limemganda hadi kifuani. Manyoya yaliyolowa yalikuwa yamejikunja mawimbi mgongoni kote, na mimi siku zile nilikuwa nimetoka kusoma kwamba manyoya ya Kuvasz yana mawimbi. Nilifurahi kumtambua. Nilipogusa mguu wa nyuma aliuvuta, nikasema basi, amechoka, nimwache apumzike. Nikaandika: "Kuvasz, dume, mweupe mtupu." Kesho yake alikauka, mawimbi yakatoweka, na mimi sikurudi kwenye fomu.

Siku ya tatu mwenye mbwa alipiga simu. Alimweleza mbwa wake kama anavyoelezwa na mtu aliyelala naye zizini: Pirenei, ana doa la kijivu chini ya sikio la kushoto, vidole viwiliviwili nyuma. Mwenzangu alifungua daftari, hakuona Pirenei, akamjibu kwamba hatuna. Alipiga tena, na tena. Alijibiwa vilevile, kwa sababu daftari ndilo lililosema hivyo na aliyeliandika nilikuwa mimi.

Mbwa yule alikaa kwetu siku kumi na tisa, akila nusu ya chakula, amelala uso ukielekea mlangoni. Kisha akaenda kulelewa kwa muda kwenye familia. Mama wa nyumba ile alimwosha, akamchana hadi miguuni, halafu akanipigia: "Huyu ana kucha za ziada nyuma, na moja imejikunja inataka kuingia nyamani." Nilikwenda siku ileile. Nilipiga magoti, nikaingiza vidole kwenye manyoya, nikavikuta viwili, vigumu, vimekaa sambamba. Kucha hizo hazigusi ardhi, hazichakai, na hukua kwa kuzunguka kama pete zisipokatwa. Ngozi chini yake ilikuwa nyekundu na moto. Doa la kijivu lilikuwepo pia, mahali palepale alipolitaja.

Nilimpigia mwenye mbwa nikamweleza yote. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza jambo moja tu: "Alikuwa anakula?"

3. Vidole hivyo hurithiwa na chotara pia. Vikiwepo, andika "damu ya Pirenei". Vikikosekana, huenda vilikatwa akiwa mdogo, basi tafuta kovu.

4. Mkia peke yake ni mtego. Akbash huukunjia mgongoni, lakini hata Pirenei akishtuka huuinua ukawa duara. Wachungaji wa kwao husema anafanya gurudumu. Tazama mwili pamoja na mkia: Akbash ni mwembamba, miguu mirefu, kama aliyeumbwa kukimbia.

5. Kimo kinaondoa, hakithibitishi. Dume la Kuvasz ni sentimita 71 hadi 76 begani, la Maremma 65 hadi 73, la Pirenei 70 hadi 80. Sasa niambieni, dume la sentimita 72 ni nani? Juzi mmoja wenu alinijibu "Kuvasz" kwa sauti ya mtu aliyepima dhahabu. Anaweza kuwa yeyote kati ya hao watatu.

6. Komondor mzima, mlinzi mwingine wa Hungaria, ana kamba za manyoya, humkosei. Mtoto wake bado hana.

7. Mbwa wa Tatra wa Poland na čuvač wa Slovakia wametoka pande mbili za milima ileile. Wakiwa hawana karatasi za ukoo, usijaribu kuwatenganisha, wala usione haya. Waitalia wenyewe waliwahesabu mbwa wa Maremma na wa Abruzzo kuwa aina mbili mpaka 1958, ndipo wakawaunganisha. Niliwahi kushuhudia wafugaji wawili wenye umri wa babu zangu wakibishana juu ya jike mmoja wa Tatra tangu asubuhi hadi chai ya jioni. Jike mwenyewe alilala katikati yao, na hakuna aliyeshinda.

8. Madoa ya Pirenei hufifia kadiri anavyokua. Lililokuwa la kijivu cheusi utotoni linaweza kubaki kivuli cha krimu tu, kwa hiyo mtazame juani akiwa mkavu, nyuma ya masikio na kwenye shina la mkia.

Fomu zile tatu ziko mezani kwangu, nimefuta jina la aina kwenye zote. Kesho kabla ya kulisha njooni na vitana, tutaanza na yule anayevuta mguu.