Huruma ya Haraka Ilivyomchelewesha Mbwa Wetu Kupona

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia kwamba mbwa wake alichomwa na kijiti msituni, akashonwa, na sasa, siku ya nne tu, anaruka mlangoni akidai kutoka. Anauliza kama kuna ubaya akimwachia akimbie kidogo. Nililisoma swali hilo nikiwa nimeketi sakafuni, mkono wangu ukiwa juu ya kovu la Doa, mbwa wetu, ambaye juzi ndiyo kwanza amerudi msituni baada ya miezi mitatu, nikaona siwezi kulijibu kwa sentensi mbili.

Siku aliyoumia, Doa alikuwa ametangulia akifuata harufu. Aliruka gogo lililolala njiani, na upande wa pili palikuwa na tawi lililovunjika, ncha ikiwa imeelekea juu. Nilisikia mlio mmoja mfupi. Nilipomfikia, kipande cha tawi chenye unene wa kidole kilikuwa kimezama nyuma ya kwapa lake la kushoto, naye akitikisa mkia. Sikufikiri. Nilikishika, nikakichomoa.

Hilo ndilo kosa ninalolikiri mbele ya kila mwenye mbwa. Kitu kilichochoma mwili mara nyingi huwa kinaiziba mishipa kilichoikata, kwa hiyo ukikitoa unaifungulia damu njia. Na kikiwa kimechoma kifuani, hewa inaweza kuingia kwa tundu hilo na kuyabana mapafu. Isitoshe, mti uliooza hukatika ukiwa mwilini na kuacha vibanzi. Nilipaswa kukiacha mahali pake, kukizungushia kitambaa kisitikisike, na kumbeba hivyo hivyo hadi kwa daktari.

Damu ilipobubujika, mke wangu alivua sweta lake akakandamiza jeraha kwa viganja viwili. Kila nilipotaka kufunua nitazame, alinikataza, kwa sababu kufunua ni kubandua damu iliyoanza kuganda. Kitambaa kikilowa, unaongeza kingine juu yake. Binti yetu alipoinama kumbusu, Doa, ambaye hajawahi kumng'ata mtu, alimkosa shavu kwa upana wa kidole. Mbwa mwenye maumivu hachagui. Nikamtazama ufizi: wa mbwa mzima huwa wa waridi, na ukiubonyeza unapauka kisha rangi hurudi katika muda usiozidi sekunde 2. Wa Doa ulikuwa umefifia tayari, na rangi ilichelewa. Tukamlaza juu ya koti, tukaondoka naye.

Ya njiani na ya kusubiri sitayasimulia. Daktari wa mifugo alimpa nusukaputi, akasafisha, akashona, akaacha mrija mwembamba wa kutolea majimaji. Maagizo yalikuwa machache: nyuzi zitolewe baada ya siku 10 hadi 14, koni, ile kola pana ya plastiki inayomzuia mbwa kufikia jeraha kwa mdomo, isitoke shingoni, atoke nje kwa kamba kwa ajili ya haja tu, na asipewe vidonge vyetu vya maumivu, kwani ibuprofeni huweza kumtia mbwa vidonda vya tumbo na kuharibu figo, na parasetamoli humwumiza ini na damu.

Usiku wa tano Doa alilia. Koni ilikuwa ikigonga kila mguu wa meza, naye alinitazama kwa namna ambayo sikuweza kuistahimili, nikaivua. Kulipokucha nyuzi mbili zilikuwa zimetafunwa. Jamaa yangu mmoja aliponiona nahangaika alisema, "Huyo ni mbwa tu, mwache alambe, atapona mwenyewe." Maneno hayo bado yananiuma, na si ya kweli: kinywa cha mbwa kimejaa vijidudu, na ulimi wake unakwaruza kiasi cha kufungua jeraha lililokuwa likifunga.

Wiki ya tatu jeraha lilikuwa limefumba, manyoya yanaota, na mimi najisifu. Nikamfungua kamba uani. Siku chache baadaye nilikuta doa la njano kwenye blanketi lake, dogo kuliko kifungo cha shati. Alipewa antibaiotiki, pakakauka. Dawa ilipoisha, tundu likafunguka tena. Mwendo huo wa kukauka na kufunguka mara nyingi humaanisha kwamba kuna kitu kimebaki ndani. Eksirei haikuonyesha chochote, maana mti mara nyingi hauonekani humo. Ultrasaundi ndiyo iliyouona. Baada ya upasuaji wa pili daktari alikiweka mbele yangu juu ya shashi: kibanzi cheusi, kirefu kama ukucha wa kidole gumba, upande mmoja kingali na gome. Ni mkono wangu uliokivunjia humo.

Kwa hiyo nawaambia ninyi mnaowapenda wanyama wenu kama mimi: msimpime mgonjwa kwa uchangamfu wake. Ngozi inaweza kushikana kwa wiki mbili, lakini msuli uliochanika chini yake unahitaji wiki nyingi zaidi, na mbwa hana habari hiyo. Mwenye kujua ni wewe, na wewe ndiwe unayepaswa kukataa. Mara ya pili tulikataa. Koni haikutoka hata usiku mmoja, na nalisema hili kwa fahari. Matembezi yalianza kwa dakika 5 za kamba, yakiongezwa kidogo kila wiki kwa idhini ya daktari. Chakula tulikipunguza kwa kuwa hakuwa akikimbia, na ili akili isimchoke tulimviringishia tonge za chakula chake ndani ya taulo, akawa anazitafuta kwa pua robo saa nzima.

Nawe uliyeniandikia: usimwachie. Lipige picha jeraha kila asubuhi mahali penye mwanga uleule, ulinganishe na la jana. Ukiona uvimbe unakua, harufu, au majimaji yanayorudi baada ya dawa kwisha, mrudishe siku hiyohiyo, na kabla ya jambo lingine lolote mwambie daktari kwamba kilichomchoma kilikuwa mti.